Mbao ya Shilingi 45

Hivi nyie biashara zenu zinaendaje? Maana mimi nauza mbao, na siku hizi hata mbao ina masharti. Zamani ulizipanga pembeni ya njia, ukakaa juu yake. Mteja anakuja, anagonga-gonga, anabetua mdomo, anasema hii imepinda, mnabishana, ananunua, kwisha. Sasa mteja hagongi chochote. Anapiga simu kutoka huko huko aliko: "Mzee, una tovuti?" Hajauliza kama nina mbao. Tovuti kwanza.

Na mimi niko Uchindile. Hupajui? Usijali, hata Ifakara penyewe wapo wanaokuuliza hiyo ni nchi gani. Shika reli ya TAZARA, ukishapita Mlimba inaanza kupanda milima kwenda Makambako, basi tupo humo humo. Kipande hicho kiliwatoa jasho Wachina na Watanzania waliojenga reli ile kati ya 1970 na 1975. Handaki, daraja, handaki, daraja. Abiria anashindwa hata kumenya karanga kwa giza. Bondeni kule kwa wenzetu ni mpunga, miwa na joto. Huku juu ni ukungu, misindano, mikaratusi na makoti. Kila mtu ana miti. Jirani ana miti. Mwalimu ana miti. Mchungaji ana miti. Kwa hiyo mteja hana shida, atapata tu. Mwenye shida ni mimi, wa kumfanya aje kwangu.

Ndipo akatokea mpwa wangu. Dogo kasoma kompyuta Ifakara, anatembea na laptopu hadi msibani.

"Mjomba," akasema, "dunia imehamia mtandaoni."

Nikamwambia mbona asubuhi nimeiona hapa hapa. Hakucheka. Vijana waliosoma hawacheki ovyo.

Akataka hela. Hela sina. Ila mbuzi yupo. Mbuzi mwenyewe ni wa mama watoto, lakini ndani ya ndoa mali si yetu sote? Nikamuuza. Mkumbukeni huyo mbuzi, maana wenzenu hawajamsahau.

Tovuti ikatengenezwa. Nikashuka Ifakara kuiona, nimevaa koti la harusi. Dogo akafungua laptopu. Aisee! Nimo ndani! Picha kubwa, nimeegemea gogo, mkono kiunoni. Kushoto historia ya kampuni, na kampuni ni mimi na msumeno. Kulia jedwali la bei: 2 kwa 4, 2 kwa 6, 1 kwa 8, futi 12, zote zimepangwa. Chini kabisa namba ya simu. Nikaona sasa nimetoka kimaisha. Nikampa mkono dogo, nikampa na nauli yangu ya kurudi.

Kurudi Uchindile nikatangaza kijiweni. Sasa simu yangu mimi ni kiswaswadu, ile ya tochi, haijui mambo ya tovuti. Jirani ana simu ya kupangusa, kioo kina nyufa. Bando nikanunua mimi, maana tovuti yangu. Mtandao nao huku una sehemu zake, kwa hiyo tukapanda wote kilimani hadi kwenye ule mkaratusi tunaopigia simu. Wazee, watoto, na mbwa mmoja ambaye sijui nani alimwalika. Picha ikaanza kushuka taratibu kutoka juu. Kofia. Watu wakapiga makofi. Paji la uso. Pua. Kidevu. Ilipofika kiunoni ikagoma. Bando kwisha, limeliwa na video za jirani zilizokuwa zinasubiri kwenye WhatsApp yake, za maombi na za ndondi. Na picha yangu nayo ilikuwa na megabaiti sita, ya kamera ya studio, dogo kaipakia vile vile ilivyotoka. Kijiji kizima kikashuka kilima kikijua kwamba mtandaoni mimi sina miguu.

Safari nyingine ikafunguka yote. Nikadhani kioo kina vumbi, nikakifuta kwa shati. Vumbi halitoki. Kumbe ndiyo maandishi. Jirani ananiambia, "Kuza kwa vidole viwili, mzee." Vidole vyangu vimeishi na msumeno, adabu hiyo vitaitoa wapi? Nikakuza, nikajikuta ndani ya tundu la pua yangu mwenyewe. Nikapunguza, nikapotea. Nikatafuta namba ya simu, nikabofya, ikafunguka historia ya kampuni. Nikabofya tena, historia ya kampuni. Jamani, hiyo historia naijua, niliisimulia mimi!

Nikampigia dogo. "Mbona kwangu iko freshi, mjomba?"

Kwako iko freshi. Sasa wewe ndiye unayenunua mbao?

Akanieleza kwa ile huruma wanayowawekea wazee. Eti simu ikikutana na ukurasa ambao haujaiambia kitu, inajifanya pana. Simu ya iPhone ya kwanza, ya 2007, kioo chake kilikuwa na pikseli 320 kwa upana, lakini ukurasa iliuchora kana kwamba ina 980, halafu ikaubana wote uingie. Simu nyingine zikaiga tabia hiyo. Yaani simu inajikweza, macho yanayouma ni yangu. Na dawa yake ni mstari mmoja tu, unaandikwa juu ya ukurasa, kuiambia simu ijipime kwa upana wake wa kweli. Mstari mmoja! Na mbuzi mzima kaenda!

Dogo akauweka huo mstari. Herufi zikanenepa. Nikamshukuru Mungu mapema mno.

Kwa sababu lile jedwali la bei alikuwa amelipangia upana wa kudumu, wa laptopu. Kwenye simu likawa linatokeza kulia, ukurasa unayumba. Dogo akaona kuyumba ni aibu, akaandika amri ya kuficha kinachozidi. Kikafichika kweli. Haikupita wiki akaja mtu na Fuso, ametoka mbali, anataka mbao za kenchi 200. Mia mbili! Nikamletea kigoda. Nikamtuma mtoto soda, tena ya baridi, Uchindile, kwenye baridi hii. Jamaa akahesabu hela, akanipa elfu tisa.

Nikasubiri aendelee kuhesabu. Hakuendelea. Nikamuuliza kaka, hii ni ya kupakia? Akatoa simu, ukurasa uko wazi: 2 kwa 4, futi 12, Sh 45. Sisi tuliandika 4500. Sifuri zote mbili zimebaki nje ya kioo.

Kesi ikaenda kijiweni. Wazee wakaikagua simu kwa zamu. Mmoja akaigeuza akaangalia mgongoni, labda sifuri zimeangukia huko. Mwingine akailaza, na kwa kuwa simu ikilala kioo kinapanuka, bei ikaruka pale pale hadi 4500. Wakatazamana. Wakasema enhee, ndiyo maana wafanyabiashara wanatajirika. Mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama leo nimepitia kwenye ulanzi. Mwenye Fuso akaondoka bila mbao, ila soda amekunywa, na hukumu ikatoka kwamba nimchangie mafuta.

Aliyenielewa ni mmoja tu, mzee mstaafu wa reli. Akasema hii ni habari ya Kidatu. Pale Kidatu reli inayotoka Kilosa, ya upana wa milimita 1,000, inakutana na TAZARA ya milimita 1,067. Zimezidiana milimita 67 tu, lakini behewa halivuki. Mzigo unashushwa huku, unapakiwa kule. "Mpwa wako kajenga behewa la reli moja," akasema, "na wateja wako wote wako kwenye reli nyingine."

Na huyo wa kushusha na kupakia ni nani? Ni mteja mwenyewe, kwa vidole viwili, kwa bando lake, chini ya mkaratusi wake. Nani ana muda huo? Anahamia kwa jirani mwenye miti. Tena haagi. Mteja wa barabarani akiondoka si unamwona mgongo, unamwita, unampunguzia jero, anageuka. Huyu wa mtandaoni anaondoka na hujui hata kama alikuja. Mimi hapo nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikilaumu ushirikina.

Dogo hakuipenda stori ya behewa, lakini akaleta mtaalamu. Binti aliyesoma naye. Laptopu hakutaka hata kuiona. Alipanga mezani simu moja ya bei chee ya kioo kidogo, nyingine kubwa, na tableti, akafungua zote kwa pamoja. Akaniambia haya mambo hayajaanza jana. Kuna Mmarekani anaitwa Ethan Marcotte, Mei 2010 aliandika makala kwamba badala ya kuhangaika na tovuti ya kompyuta na nyingine ya simu, jenga moja inayojipanga yenyewe kufuata kioo. Upana uandikwe kwa asilimia. Picha zijipunguze kadiri ya nafasi. Na uwekwe masharti: kioo kikiwa chembamba, safu tatu zishuke ziwe moja. Mwaka 2010! Mwaka huo kitu cha maana kwenye simu yangu kilikuwa tochi. Hata leo. Lakini dogo anayetembea na laptopu hadi msibani, naye hakusikia?

Akaniletea na habari za Google. Tarehe 21 Aprili 2015 walianza kuzipandisha juu kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, pale mtu anapotafuta kwa simu. Baadaye wakahamia kuzikagua tovuti kwa jicho la simu kwanza. "Kwa hiyo mzee, fundi wa Keko kule Dar akitafuta mbao za paini, wewe uko chini kabisa." Nikamuuliza chini wapi, mbona mimi nipo mlimani? Naye hakucheka. Sijui huko vyuoni wanawafanya nini.

Kisha akanidhalilisha kwa utaratibu. Picha yangu akaipunguza kutoka megabaiti sita hadi kilobaiti themanini. Miguu ipo, nashukuru, lakini kaniweka chini kabisa, nimekuwa kadogo, gogo linaonekana vizuri kuliko mimi. "Mteja hanunui wewe, mzee." Historia ya kampuni akaifuta. Yote! Juu kabisa akaweka bei, kila mbao na mstari wake, sifuri zake zimetimia. Chini yake kitufe kipana cha kijani, PIGA SIMU, hata gumba langu hili likitua haligusi kingine, na ukibofya inapiga yenyewe. Pembeni kipo cha WhatsApp. Basi. Nikaona kabomoa. Koti la harusi lote lile, halionekani hata kifungo.

Sasa sikia. Kweli fundi mmoja wa Keko, anayetengeneza makochi, akatumiwa linki kwenye grupu la mafundi. Kafungua akiwa kwenye daladala amesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Bei kaiona bila kukuza kitu. Linki hiyo hiyo kamrushia bosi wake, bosi kafungua kwenye kompyuta ya ofisini, ukurasa ukajitanua wenyewe, safu tatu. Zamani, dogo anasema, walikuwa wanatengeneza mbili, ya kompyuta na ya simu, kila moja na anwani yake. Ukibadilisha bei huku unasahau kule. Kwa kichwa changu hiki ningekuwa na bei mbili na kesi mbili kijiweni.

Basi simu zikaanza kuita. Makambako. Ifakara. Mlimba. Mtu wa Mafinga kapiga. Mafinga! Anakaa juu ya mbao, anaulizia mbao Uchindile!

Ila hawanipigii mimi. Siku binti anauliza namba ya kuweka kwenye kile kitufe, mama watoto alikuwa nyuma ya mlango. Akatoka. Hakuuliza habari za tovuti. Aliuliza mbuzi wake yuko wapi. Dogo akaanza kufunga laptopu. Binti akaangalia dari. Mimi nikakumbuka nina kazi shambani. Niliporudi jioni, namba imeshawekwa, ni ya kwake.

Sasa hivi ana simu ya kupangusa. Bei anabadilisha mwenyewe amekaa jikoni, anakoroga uji kwa mkono huu, anapangusa kwa mkono ule. Jina lililo juu ya ukurasa ni lake. Kiswaswadu changu hakifungui kitu, kwa hiyo nikitaka kujua mbao zangu mwenyewe leo zinauzwaje nakwenda kumuuliza, naye ananiambia, "Angalia kwenye tovuti."

Juzi limekuja lori. Dereva akatazama simu, akatazama nyumba, akanitazama mimi. "Mama yupo? Wewe ndiye wa kupakia?" Nikapakia. Akanipa buku mbili ya soda. Mama watoto kaichukua hapo hapo, anasema hiyo ni ya kwato za mbele, mbuzi mwenyewe bado.