Subiri Miaka 70, Mtoto

Mtoto mchanga wa Lodwar ambaye mama yake anauza makaa hana haki ya kulalamika kwamba serikali imemsahau. Mpango wa serikali wa kugawa pesa, Inua Jamii, upo, shilingi 2,000 kwa mwezi, mradi awe yatima au aandikwe kuwa katika mazingira magumu, au awe na ulemavu mkubwa, au afikishe miaka 70. Akiwa mzima na mamake yu hai, kosa ni lake, asubiri.

Watasema malezi ni kazi ya familia, nyanya yupo. Yupo kweli, na hizo 2,000 zake za uzeeni, kama shilingi 66 kwa siku, ndizo zinazonunua uji wa mjukuu. Kwa hiyo serikali inalipia malezi tayari, ila mwajiriwa hajaambiwa. Asipokuwepo nyanya, anabaki nyumbani dada mtu, yule ambaye shule ya msingi ni bure kwake tangu 2003. Na Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, mama mwenyeji akienda kuuza kuni hubeba mzigo kichwani na kituo cha malezi mgongoni. Watasema tena pesa hakuna. Basi Katiba ya 2010 ilikuwa inatania? Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kifungu cha 9, limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Waheshimiwa wa bunge la kaunti, kisomeni hicho kifungu kabla ya bajeti ijayo. Ni mstari mmoja tu.