Namna ya Kununua Stendi Utakayoichukia

Hongera kwa kujipatia kamera kubwa ya mvukuto, ile ya filamu ya inchi 4 kwa 5. Au inchi 8 kwa 10, kama una pesa na nyumbani hakuna wa kukuuliza umezipeleka wapi. Bila shaka akiba yote imeishia kwenye mbao na lenzi, na kwa ajili ya stendi zimebaki noti mbili tatu. Usione haya. Kamera hununuliwa kwa mapenzi, stendi hununuliwa kwa chenji.

Kwa chenji hiyo utaletewa stendi ya alumini yenye miguu ya vipande vinne au vitano. Muuzaji ataiinua kwa kidole kimoja ili uone ilivyo nyepesi. Mshukuru, maana ameshakutajia ubovu wake bila kulipwa. Kila kipande kinachochomolewa ni chembamba kuliko kilichotangulia, na chembamba kuliko vyote ndicho kinachokanyaga ardhi. Kisha atavuta ile nguzo ya katikati kwenda juu, kwa fahari. Hapo utakuwa umelipia miguu mitatu ili kamera ikae juu ya mmoja.

Ukionyesha wasiwasi, utasomewa kibandiko: inabeba kilo 12! Kweli inabeba. Ila kila kiwanda hupima kwa namna yake, na kubeba bila kuvunjika si sawa na kutulia. Mlevi naye hubeba kilo zake 70 kutoka kilabuni hadi nyumbani.

Na kutulia ndiko unakokutafuta. Kamera hizi hupiga picha tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/32 au f/45, ili jiwe la karibu na mlima wa mbali vyote vionekane sawasawa. Kwa filamu ya ISO 100, f/45 kwenye jua kali la mchana huhitaji kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kivulini utahesabu sekunde nzima, pengine kadhaa. Mpiga picha Ansel Adams alipoona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, alitumia filamu ya inchi 8 kwa 10, f/32, sekunde moja. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba ya makaburi ya kijiji hicho. Jaribu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba stendi yako ni nyepesi.

Shiti moja ya filamu ya inchi 8 kwa 10 ina eneo la karibu mara 60 ya picha ya filamu ndogo ya milimita 35, na bei yake inajua hivyo. Halafu kuna upepo. Mvukuto ukinyooshwa unatega upepo wote unaopita. Simama Forodhani, Zanzibar, mwezi wa Julai, kusi ikivuma, ukiwa na stendi ya kidole kimoja, utapata picha ya ukungu mahali ambapo hapajawahi kuwa na ukungu.

Kwa hiyo, mkaguzi wangu, ukiwa dukani vuta miguu yote hadi mwisho, nguzo ya katikati ibaki chini. Je, kichwa cha stendi kinafika karibu na kidevu chako? Kama hakifiki, mgongo wako ndio utakaomalizia. Shika kichwa hicho kwa mikono miwili ukisokote, kulia na kushoto. Kukikandamiza kwenda chini ni maonyesho tu, karibu kila stendi hufaulu mtihani huo. Kwenye kusokotwa ndipo siri hutoka. Mwisho weka glasi ya maji juu yake, gonga mguu mmoja, uone mawimbi yanachukua muda gani kutulia. Muuzaji akianza kukutazama kwa jicho la pembeni, uko kwenye njia sahihi.

Kichwa cha gololi kiache kwa wapiga picha wa harusi. Ukilegeza skrubu yake moja, kamera ya kilo tano inaanguka kifudifudi huku vidole vyako vikiwa njiani. Chukua cha mikono mitatu, kinachoinamishwa upande mmoja baada ya mwingine.

Sasa tuje kwenye stendi unayostahili. Ni ya mbao, kama zile za Berlebach wa Ujerumani, walioanza mwaka 1898, au Ries wa Marekani, tangu 1936. Mbao humeza mtikisiko upesi kuliko alumini. Pia ni nzito, na uzito huo ndio ulioulipia. Nyuzi za kaboni nazo hufaa sana, kwa mwenye mkopo wa benki. Mpiga picha Carleton Watkins alipoingia bonde la Yosemite mwaka 1861 na kamera ya vioo vya inchi 18 kwa 22, mizigo yake ilibebwa na nyumbu (wa mizigo, si wale wa Serengeti). Wewe huna nyumbu. Tafuta mpwa.

Bei ikikushinda, nunua stendi kuukuu ya wapima ardhi. Ni imara, ina ncha za chuma na pa kukanyagia ili zizame udongoni. Skrubu yake ni ya inchi 5/8 wakati kamera hutaka 3/8 au 1/4, lakini fundi wa kukereza vyuma atakutengenezea kiungo. Miguu yake haina kizuizi cha kutanuka, hivyo juu ya vigae ifunge kamba, la sivyo italala chali na kamera yako.

Tatizo lake ni moja tu, rangi ile ya njano. Ukiisimamisha kando ya barabara Dar es Salaam, mtaa mzima utajua kuna bomoabomoa na nyumba zitapigwa alama ya X. Atakuja mzee. Mpe shikamoo kwanza. Atakuuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo X inaishia nyumba ya nani?" Usimwambie unapiga picha tu, hatakubali, na chonde usimkaribishe chini ya kitambaa cheusi cha kamera ajionee. Kwenye kioo cha ukungu cha nyuma ya kamera kila kitu huonekana juu chini. Akishaiona nyumba yake imepinduliwa, paa chini na msingi juu, jiandae kuitwa kwa mjumbe.