Padri Wetu Kapotea Ndani ya Theluji

Ndugu zangu wa kijiwe cha kahawa, Mtaa wa Kongo, Kariakoo,

Asalaam aleikum, na kwa watu wa Msimbazi, Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima huku Bavaria, ila pua siisikii.

Mnamkumbuka yule padri kijana wa Ilala? Yuko parokia ya kijiji jirani na kwangu. Mapadri wa huku wengi hujivalia shati la kola na suruali. Wetu kagoma: kanzu nyeupe havui. Huko nyumbani ikipanda daladala, watu wanaipisha kiti.

Tarehe 25 Aprili, siku ya Mtakatifu Marko, wanakijiji huzunguka mashamba kwa litania, wakiomba hali ya hewa njema na mavuno. Juzi yake watu walikuwa nje wanalamba aiskrimu. Padri akaniomba nimpeleke kwa gari. Dini mbali, utani wa Kariakoo karibu, nikawasha.

Hatujamaliza shamba la pili, theluji ikashuka kama mtu kapasua godoro la pamba ghorofani. Wenyeji, kimya kimya, wakachomoa kofia na glavu mifukoni. Padri alikuwa na kanzu ya kitambaa chepesi, ndani kapachika sweta zangu mbili. Kwa mila kanzu hiyo ina vifungo 33, hesabu ya miaka ya Yesu duniani. Vya tumboni viligoma kufunga, kanzu ikabaki na umri wa miaka 28.

Pindo lililowa, likaganda, likawa linagonga viatu kila hatua: ko, ko, ko. Na kwa kuwa kanzu nyeupe na dunia nzima nyeupe, sisi wa nyuma tuliona kisogo tu kinaelea. Bibi mmoja akapoteza msafara, akamfuata mbwa mweusi mpaka zizini.

Baadaye, kwenye supu, mzee mmoja akamfariji: baridi yenyewe bado, tarehe 11 hadi 15 Mei wanakuja Watakatifu wa Barafu, yaani Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius na Sophia. Padri akauliza kwa heshima wanaombwa nini. Akaambiwa hawaombwi kitu, wanakuja na baridi yao, na mkulima mwenye akili hapandi nyanya mpaka Sophia apite.

Sasa oneni mambo. Wabenediktini wa St. Ottilien, humuhumu Bavaria, ndio waliofika Dar mwaka 1888 wakajenga misheni Pugu. Watu wa nguo nyeusi nzito, wakaangukia joto lile! Ndiyo maana nchi za joto Kanisa huruhusu kanzu nyeupe. Leo hiyo nyeupe imepanda ndege kuja kwenye theluji, na makoti ya sufu ya Wajerumani yamefungwa marobota kwenda soko la mitumba la Karume, yananing'inia juani, na anayeyajaribu anatoka jasho kabla hajauliza bei.

Basi nawaomba: nendeni Karume mkamtafutie Padri koti jeusi, refu, la sufu. Muuzaji akisema elfu thelathini, mpeni kumi na mgeuke kama mnaondoka. Najua nauli ya kulileta itazidi bei yake mara kadhaa, lakini bei ya duka la huku nimeiona, na Padri kaiona, akafanya ishara ya msalaba. Fanyeni hima, Mamertus hana foleni ya Msimbazi ya kumchelewesha.

Wenu,
Mtoto wa Kariakoo