Pongezi kwa Wizara kutoka kwa Wamiliki wa Hatua Ishirini kwa Ishirini

Kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: PONGEZI

Mheshimiwa, pokea salamu za wamiliki wa viwanja vya Chamazi, Toangoma, Mbagala, Goba, Madale na Mabwepande, Dar es Salaam. Neno "wamiliki" wamelitumia kwa kujipendelea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeshasema kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Raia hupewa haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99. Wao hata hiyo 33 hawana. Walicho nacho ni mkataba wa mauziano wa karatasi moja, umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa na kutiwa saini na mjumbe wa shina, majirani wawili, na muuzaji ambaye simu yake haijapatikana tangu wiki ya pili.

Barua hii haina malalamiko. Malalamiko yana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na foleni yake hakuna asiyeijua.

Pongezi za kwanza ni za utaratibu wa kununua. Wanasheria wana ushauri mzuri mno: kabla ya kutoa hata shilingi, nenda masjala ukafanye upekuzi, uone jina la mwenye hati, uone kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama. Upekuzi huo unahitaji namba ya kiwanja na kitalu. Kiwanja cha Chamazi kilichokatwa kwa hatua za miguu, ishirini kwa ishirini, kutoka kwenye shamba la mikorosho la mzee fulani, hakina kitalu wala bikoni. Masjala haina cha kupekua. Kwa hiyo upekuzi hufanywa na dalali, chini ya mti, kwa sentensi moja: "Bosi, hapa hakuna mgogoro." Dalali anachukua asilimia kumi yake. Kwenye mitaa mingi ofisi nayo hudai kumi yake kwa ajili ya muhuri, ingawa mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi na saini yake ni ya shahidi tu. Baadaye wanapojitokeza watu watatu wenye mikataba mitatu ya kiwanja kimoja, yote ikiwa na muhuri uleule, mwenyekiti anaeleza kwa utulivu kwamba yeye alishuhudia watu wakipeana fedha. Na kweli alishuhudia. Mara tatu.

Wapo pia waliomlipa mume, wakajenga msingi, kisha mke akatokea na cheti cha ndoa. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani, na mahakama zimebatilisha mauzo kwa sababu hiyo. Dalali hakulichimba hilo. Mkewe muuzaji, alisema, yuko safarini.

Haki itendeke: serikali imewahi kupima. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000, ukapita Bunju, Mbweni, Boko, Toangoma, Kibada na Gezaulole. Ulikuwa mradi mzuri, na uzuri wake ulionekana upesi kwa wenye fedha, ndiyo maana viwanja vingi vilibadilisha mikono kabla havijaota nyasi. Mwenye kipato cha chini naye hakusahauliwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande na kupewa viwanja vilivyopimwa. Masharti ya kuomba yalikuwa mepesi: uwe umezama kwanza.

Kisha ukaja urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Wakazi waliunda kamati, kamati zikaingia mikataba na kampuni binafsi za upangaji na upimaji, na mwaka 2019 wizara ikashusha mchango wa kila kiwanja hadi shilingi 150,000. Ilikuwa huruma ya kweli. Watu walichanga. Mitaani kuna kaya zenye hati hadi leo, na lazima zipongezwe. Kuna nyingine nyingi zenye risiti ya mchango, kumbukumbu ya kijana aliyepita na kifaa cha miguu mitatu, na kampuni iliyohama ofisi. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuona mbali kiasi cha kujua kuwa daftari lenyewe linaweza kupotea na mchango wake.

Sasa, Mheshimiwa, pongezi kubwa kuliko zote.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa mita za kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa la mjini. Haya ni maajabu ya utawala. Nyumba ambayo masjala haiijui, mipango miji haiijui na ramani haiioni, mita inaijua kwa jina la ukoo. Haiulizi hati. Haiulizi kama eneo ni la makazi, la kiwanda au ni hifadhi ya barabara. Haiulizi hata nani mwenye nyumba: anayeingiza tarakimu ishirini ndiye anayelipa, naye Mbagala mara nyingi ni mpangaji wa chumba cha nyuma aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sheria iliyosimamia kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, hivyo mpangaji akitaka kurejeshewa elfu moja na mia tano yake, kilichobaki ni kumkabili mama mwenye nyumba kwa ucheshi.

Mamlaka ya Mapato nayo imekomaa. Mkazi akiuza nyumba, hutozwa asilimia 10 ya faida. Lakini ili kujua faida lazima kuwe na risiti za saruji, nondo, mchanga na fundi, na nyumba ya Dar es Salaam hujengwa kwa miaka minane, tofali kwa tofali, bila risiti hata moja ya fundi. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaona mbali: asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kulipa asilimia 3 ya bei ya kuuza, akaenda zake. Yaani kwa upande wa kukusanya, dola imekubali kwamba watu hawana makaratasi, ikawatengenezea na bei yao.

Upande wa kulipa ndipo makaratasi hukumbukwa. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121 kutoka katikati. Nyingi zilikuwa na umeme na maji ya mashirika ya umma. Kulikuwa na makanisa, misikiti na vituo vya mafuta. Alama ya X nyekundu iliyopakwa ukutani haikuuliza bili. Leo barabara ni ya njia nane na inapendeza, na anayepita humo kwa kasi hana sababu ya kupunguza mwendo. Kurasini, bandari ilipotaka nafasi, wenye nyumba walifidiwa na wapangaji wakabaki na magodoro yao. Baadhi yao, kupitia vikundi vya kuweka akiba, walinunua ekari 30 Chamazi wakaanza kujijengea. Wizara ingefaa kuwatembelea kujifunza, ila wawekezaji hao hawana suti.

Kuhusu mitaji: mwaka 2004 serikali ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, kwa mawazo ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto, kwamba nyumba ya maskini ni mtaji uliolala na hati ndiyo ya kuuamsha. Umeamshwa taratibu, usije ukashtuka. Jumla ya mikopo ya nyumba nchini bado haijafika asilimia moja ya pato la taifa, na riba bado iko juu. Mjenzi wa Toangoma akipiga hesabu ya vyumba sita vya kupangisha kwa riba hiyo, anagundua kwamba mpangaji wake wa kweli ni benki. Anarudi kwenye mchezo wa upatu, anapandisha ukuta hadi lenta, anasubiri mwaka. Ndiyo maana mapagale ni mengi kuliko nyumba. Wageni hudhani kulipita vita.

Ombi ni moja, nalo halina gharama. Masjala ya hati ihamishiwe kwenye mita. Mtu akitaka kununua kiwanja Madale, aingize namba ya LUKU ya nyumba iliyopo, na pamoja na uniti atolewe jina la mwenye nyumba, mipaka yake, idadi ya watu waliokwisha kuuziwa, jina la mke, na umbali hadi katikati ya barabara kuu. Mashine inayoweza kukata kodi ya jengo saa nane usiku, siku ya Idi, bila ofisa hata mmoja kuamka, haiwezi kushindwa na hayo. Ikikata 1,500 kwa nyumba iliyomo hifadhini, basi iandike chini ya tarakimu zile ishirini: "Mpokeaji wa kodi hii ndiye atakayebomoa."

Nakala zimepelekwa TRA, TANESCO, TANROADS na kwa madalali wote wa Mbagala Rangi Tatu. Ofisi ya serikali ya mtaa haikupata yake: wanaoandika waliomba barua igongwe muhuri ili iwe halali, wakaambiwa ni asilimia kumi, na hadi inatoka mtamboni hawajaafikiana asilimia kumi ya nini.