Muulize Shangazi Mshika Tochi

Safu hii ilianzishwa kwa mambo ya ndoa. Lakini hapa Merrylands mtu akikosana na mkewe hulala kwa rafiki. Akikosana na gari lake hafiki kazini. Ndiyo maana barua ninazopata siku hizi zinanuka petroli. Mimi sijali. Marehemu mume wangu alikuwa fundi Gerezani, Dar es Salaam, nami nilimshikia tochi miaka kumi na moja. Mshika tochi ndiye anayetukanwa, ila ndiye anayeona.

*Shikamoo Shangazi. Corolla yangu ya mwaka 2008 inatetemeka kila nikisimama kwenye taa za Merrylands Road, na nikiingia M4 inakosa nguvu huku taa ya injini ikipepesa. Shemeji anasema ni giaboksi. Jirani anasema ni hii petroli ya E10. Binamu yangu aliye Dar amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kwamba nitoe masega ya ekzosi. Mpaka sasa nimenunua betri mpya na pampu ya mafuta. — Mtikiswa*

Marahaba, mwanangu. Umelinunulia betri gari linalowaka kila siku, na pampu bila hata kuipima ya zamani. Hayo si matengenezo, ni sadaka.

Umewahi kusaidia kupandisha kochi ghorofa ya juu katika majengo yetu haya ya matofali yasiyo na lifti? Wabebaji wanne, kila mtu na pembe yake. Mmoja akilegea, kochi linayumba na watatu waliobaki wanahema. Ndiyo injini yako hiyo. Ina silinda nne, na gari likiwa limesimama inazunguka kama mara 700 kwa dakika, kwa hiyo kila silinda inatakiwa ilipue mara 350 hivi. Moja ikikosa zamu zake, wewe unatikiswa kwenye kiti. Mafundi husema gari linamisi.

Sasa hiyo taa. Ikiwaka ikatulia, una muda wa kujipanga. Ikipepesa, punguza mguu na utafute pa kuegesha, maana petroli isiyoungua kwenye silinda inateremka hadi kwenye masega, inawakia humo, na masega yanayeyuka. Bei ya masega mapya itakufanya uombe zamu za usiku mpaka Krismasi. Na binamu mwambie ahsante, basi. Huko nyumbani wapo wanaoyatoa. Hapa New South Wales ni kosa, na gari lako limevuka miaka mitano, kwa hiyo hukaguliwa kila mwaka kabla ya kulipiwa usajili. Tena masega katika kesi hii ni majeruhi, si mkosaji. Kuhusu E10, soma ndani ya kifuniko cha tangi kabla ya kumsikiliza jirani. Shemeji tumwache apumzike.

Tafuta kile kifaa kidogo cha kusoma kodi, kinachochomekwa chini ya dashibodi. Yuko mtu hapa mtaani anacho, hata kama ni yule mliyegombana naye kwa sababu ya michango ya harusi. Ukiona P0303, anayelegea ni silinda ya 3. P0301 ni ya kwanza, na nyingine vivyo hivyo. Ukiona P0300, zinapokezana kukosa; hapo tafuta kitu kinachozigusa zote, kama mpira uliopasuka unaoingiza hewa, au presha ndogo ya mafuta.

Tuseme ni ya 3. Hapa ndipo wanaume hukimbilia dukani. Tulia kwanza. Injini ikishapoa, chomoa koili ya 3 uipeleke kwenye 1, na ya 1 uilete kwenye 3. Futa kodi, endesha hadi Guildford urudi. Kodi ikihama ikawa P0301, umeikamata koili bila kutoa hata senti. Ikibaki palepale, hamisha plagi kwa mtindo uleule. Ikigoma bado, ni nozeli au kompreshini, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kupimia. Wanangu wakipiga kelele usiku nilikuwa nafanya hivihivi: nabadilisha vitanda, nasikiliza fujo imehamia chumba gani.

*Shangazi, kwa ajili ya Idi niliosha injini kwa mashine ya presha, imeng'aa kama sahani. Sasa inakohoa. — Msafi wa Granville*

Maji yameingia kwenye visima vya plagi. Toa koili, kausha, anika juani, rudisha. Ukikuta mafuta humo badala ya maji, gasketi ya kava ya juu imechoka, anza na hiyo. Na injini haialikwi Idi. Osha bodi.

*Shangazi, sijui nianzie wapi. Tangu baridi iingie, mume wangu anaamka kabla ya alfajiri, anachukua chupa ya maji jikoni, anatoka kimya kimya. Nasikia gari likikohoa, kisha linatulia. Anarudi mikono imelowa. Nikimuuliza anasema "hamna kitu". Dada yangu anasema ni mwanamke. Mama mkwe anasema ni mganga. — Asiyelala*

Pole, mama. Mimi nasema ni gasketi ya hedi. Usiku gari likiwa limelala, maji ya kupoza injini hupenya kidogo kidogo hadi kwenye silinda. Asubuhi plagi iliyolowa haishiki moto, silinda inamisi mpaka ikauke, halafu injini inatulia kana kwamba haijafanya lolote. Rejeta inapungua, naye anaijaza kwa siri kwa kuwa anajua gharama ya kufungua hedi, na anajua umeshapigia hesabu tiketi za Desemba za kwenda nyumbani. Anakuogopa wewe kuliko anavyoogopa injini kuchemka. Hapo amekosea, kwani ikichemka, hedi inapinda, na bili inazaa.

Kesho tangulia wewe kutoka. Simama kando ya gari na kikombe chako cha chai. Julai magari mengi hapa hutoa moshi mweupe yakiwashwa asubuhi. Huo ni mvuke, usiuhesabu. Subiri mpaka injini ipate joto, na rejeta asiifungue tena mpaka ipoe. Moshi ukizidi kutoka mweupe, wenye harufu tamutamu, mwonee huruma mumeo, mkae mpige hesabu upya.

Usipoona moshi, wala rejeta haijapungua, niandikie tena.