Kamati ya Nduru

Misumeno ilipoingia kwenye msitu mdogo wa Malava, mbega na kima waliozaliwa humo walipakata watoto wao wakashuka kusini. Walikatiza miwa usiku, mchana wakajificha kwenye mikaratusi ya watu, na mbwa wakawala kadhaa njiani. Waliofika Isecheno, ndani ya msitu mkubwa wa Kakamega, walipokelewa na Mzee Kima, liguru, yaani mzee wa kijiji, wa pale. Aliwaamkia, "Mulembe," akawatazama mmoja mmoja, kisha akawagawa: wewe na wanao nendeni kwa kima wa mkuyuni, ninyi kwa mbega wa kando ya mto, wewe mjane na bintiyo kwa dada yangu. Hapakuwa na fomu. Jua lilipotua kila mgeni alikuwa na tawi la kulalia na mwenyeji wa kumlalamikia.

Msitu wenyewe si mkubwa kama jina lake. Wakati mmoja uliungana na misitu ya Kongo. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa hifadhi mwaka 1933, siku zile wazungu walipokuwa wakichimbua Kakamega kutafuta dhahabu, na tangu hapo shoka limekuwa likiutafuna pembezoni. Juu ya kilichobaki anatawala Tai mwenye kishungi, ndege mwenye nguvu za kumnyanyua kima.

Kinga dhidi ya Tai ilikuwa nduru. Kima dume akimwona hutoa sauti ya kukatakata ambayo haifanani na ile ya hatari ya chini. Kima wa mkia mwekundu huidaka hapo hapo, mbega wananguruma, na watoto wanaporomoka kutoka vileleni hadi kwenye majani mazito ya katikati. Hakuna anayeuliza aliyeanza ni wa kabila gani. (Mtafiti Marina Cords alianza kuwafuata kima wa Isecheno mwaka 1979, kwa hiyo sehemu hii ya hekaya sikuibuni.) Binadamu wa Kakamega nao wana yao: mwizi akiingia bomani mama hupiga nduru, na jirani ambaye hakutoka ana maswali ya kujibu asubuhi. Wageni wa Malava walijifunza lafudhi ya nduru za Isecheno upesi, maana Tai hamfundishi mtu mara mbili.

Ndipo akaja Kongoti. Alitokea upande wa Kisumu kwa gari jeupe, kichwa kipara, koti la kijivu, mfuko ukimning'inia shingoni. Alikuwa na kalamu.

"Nani huwalinda hapa?" aliuliza.

"Sisi," akajibu Kukhu Mbega, mkongwe kuliko wote waliotoka Malava.

"Nimekusikia, Kukhu. Lakini hasa nani? Kuna kamati?"

"Kuna masikio."

Kongoti akaandika: Mfumo wa ulinzi wa jamii, haupo.

Kwanza akawahesabu wahamaji. Aliwahesabu wale tu waliolala chini ya turubai lake, na kwa kuwa aliyehesabiwa ndiye aliyepewa sufuria, wageni waliokuwa wamepewa matawi na wenyeji walishuka wakaja kulala chini. Msomaji asicheke. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya zaidi ya 600,000 walikimbia makwao, na wale waliojisitiri kwa jamaa, wakiwemo wengi huku Magharibi na Nyanza, walisubiri sana kukumbukwa kwa sababu hawakuwa na hema la kupigwa picha.

Ikafuata semina. Kina mama walikaa upande huu, vijana upande ule, wakapewa kalamu nene na karatasi kubwa wachore mahali wanapoogopa. Wote walichora mbingu. Kongoti akasema michoro hiyo haina undani wa kutosha.

Kamati ya Nduru ikaundwa: nusu wake, nusu waume, mzee mmoja, mlemavu mmoja. Uenyekiti aliuchukua Tumbili, ambaye hakuwa amekimbia kutoka popote ila aliweza kutamka "uwezeshaji" bila kukwama. Wanakamati walipewa vizibao vya kung'aa, filimbi moja na rejista. Kwenye shina la mkuyu pakapigiliwa bango lenye mishale: anayemwona Tai amwarifu mjumbe wa tawi lake, mjumbe amwarifu katibu, katibu ajaze fomu, mwenyekiti, akiridhika, apulize filimbi.

Kila Ijumaa wanakamati walipokea ndizi. Kongoti aliziita motisha. Mshahara ulikuwa wake yeye. Hili nalo sikulibuni: katika kambi za Kakuma na Dadaab, mkimbizi anayefundisha darasani au kutafsiri zahanati hupewa motisha, na Mkenya wa meza ya pili anayefanya kazi ile ile hupokea mshahara ulioizidi motisha hiyo mara kadhaa.

Ndizi zile ndizo zilizouvuruga msitu. Kabla yake nduru haikuwa kazi ya mtu, ilikuwa ya yeyote mwenye koo. Sasa ikawa na wenyewe. Kima mmoja kijana alimwona Tai akikunja mbawa juu ya mti wa mwiri, akafungua kinywa, kisha jicho lake likaangukia kizibao kwenye tawi la jirani. "Si wao ndio wanaokula ndizi?" akajisemea, akakifunga. Mwenye kizibao alikuwa amemwona Tai vilevile, na alikuwa akitafuta wino. Mtoto mmoja wa mbega aliruka angani siku hiyo bila kuwa na mabawa.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa mkia mwekundu, asiye mwanakamati, alipiga nduru kwa koo lake mwenyewe. Watoto wote wakaokoka. Tumbili akamwandikia barua ya onyo kwa kupiga nduru bila idhini, nakala kwa Kongoti.

Ripoti ya robo mwaka ilisema nduru msituni zimepungua kwa nusu. Palikuwa na grafu. Wafadhili walifurahi, maana mstari uliteremka bila kuyumba.

Kwa kuwa Tai aliwavamia zaidi kina mama waliokwenda ukingoni kuchuma mapera, Kongoti aliamua mapera yaletwe kambini yagawiwe. Wazo lilikuwa jema, na ukingoni vifo vilipungua kweli. Tai naye alihamia kwenye foleni. Dadaab wanayajua haya. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kugawa kuni huko, kwa sababu wanawake walikuwa wakibakwa porini walikokwenda kuzitafuta. Tathmini iliyofuata ilionyesha kwamba kuni zilipotosha, ubakaji wa porini ulishuka, na ule wa mahali pengine ukapanda. Kuni zilisaidia, sikatai. Ila mbakaji hakuwa akiishi ndani ya kuni.

Kulikuwa pia na mkutano wa wadau wote, na Tai alialikwa, kwa kuwa naye anautumia msitu. Alikuja, akasikiliza kwa adabu, akatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, akachukua nauli. Nauli yake ilikuwa kubwa kwa vile anatoka juu.

Kongoti tusimdhulumu kabisa, kwa sababu katika msafara wake alikuwamo Shore, ndege mdogo aliyesomea mambo ya majanga na misaada katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hapo Kakamega mjini. Na nduru ile ninayoisifu ina mahali inapokoma. Hupigwa kwa adui ashukaye angani. Adui wa ndani ya tawi hapigiwi. Yule mjane wa Malava na bintiye walipewa hifadhi kwa dada ya liguru, mnakumbuka. Mume wa dada huyo akawa anahamia tawi la binti usiku. Msitu mzima ulijua. Mzee Kima aliwaita wazee, wakakaa, wakakubaliana mjane apewe vikapu vya matunda na jambo liishe, ukoo usiaibike. Kaskazini mashariki hayo wanayaita maslaha. Sisi Magharibi tunafanya yayo hayo, tukisema tu kwamba tunaongea nyumbani.

Shore alikwenda kukaa na binti huyo. Hakubeba karatasi. Alimkuta akibandua maganda ya tini na kuyapanga kwenye tawi, makubwa kwa madogo, akaketi akabandua naye. Walizungumza juu ya tini siku ya kwanza, na ya pili, na zilizofuata. Siku moja binti alisema lililokuwepo. Shore akamuuliza anataka nini, akangoja jibu, kisha akamtafutia kundi ng'ambo ya mto Isiukhu ambako mamaye angeweza kumfuata. Hakumwambia yeyote ni kundi gani, hata Kongoti, aliyekuwa akitaka picha ya binti huyo kwa ajili ya ukurasa wa visa vya mafanikio. Kongoti akanuna. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na haikuingia kwenye grafu yoyote.

Kukhu Mbega ndiye aliyethubutu kulisema kwenye baraza.

"Mzee, Tai tunampigia nduru. Shemeji yako tunampigia nini?"

Mzee Kima alijikuna kidevu mpaka baraza likaahirishwa. Lakini tangu siku ile shemeji alilala kwenye mti wa peke yake, na usiku kulikuwa na macho yaliyomtazama.

Kisha ukaja mwaka 2025. Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, mgao wa chakula ulipunguzwa mpaka watu wakaandamana, na kufikia Agosti wakimbizi walikuwa wamepangwa kwa madaraja ya uhitaji: huyu apate zaidi, huyu kidogo, huyu asipate. Isecheno habari ilifika kwa barua yenye maneno mengi ya shukrani. Wa kwanza kuachishwa alikuwa Shore. Wa mwisho kuondoka lilikuwa gari.

Kongoti hakuondoka kienyeji. Alifanya hafla ya kufunga mradi, akatoa hotuba ndefu juu ya uendelevu, akatangaza kwamba sasa ulinzi utamilikiwa na jamii yenyewe. Akaikabidhi nduru. Mzee Kima alichovya kidole gumba kwenye wino kuthibitisha kwamba ameipokea ikiwa katika hali nzuri.

Haikuwa katika hali nzuri. Watoto waliozaliwa wakati wa mradi walijua filimbi tu, na filimbi Tumbili aliondoka nayo. Kukhu Mbega alipowaita awafundishe sauti ya Tai na sauti ya chini, wazazi waliuliza kwanza kama kuna ndizi.

"Ndizi hakuna," aliwaambia. "Tai yupo."

Wengine walirudi kulala. Wachache waliwaleta watoto, wa wenyeji na wa wageni, na mama wa mkia mwekundu alikuja na barua yake ya onyo, akaikalia ili asilowe umande. Wanaendelea hadi leo, asubuhi, kabla jua halijapanda. Bado nduru haijafika nusu ya ilivyokuwa.

Barabara ya kutoka Kisumu hupita Kakamega, ikaenda Kitale, ikaenda Lodwar, ikafika Kakuma. Kongoti yuko mahali fulani katikati yake, anaandika mradi mpya. Ametangaza nafasi moja ya Afisa wa Ulinzi wa Jamii: awe na shahada, uzoefu wa miaka mitano, leseni ya gari, na kuijua nduru kutahesabiwa kuwa nyongeza tu. Shore ameomba. Msomaji, kama una jamaa atakayekaa kwenye meza ya usaili, mwambie asiitupe barua ile isiyoambatanishwa na picha ya mtoto wa mtu.