Namna ya Kupoteza Kesi California Bila Kufika Mahakamani

Umegongwa na gari Los Angeles, kosa ni la dereva mwingine, mashahidi wapo, na bado unataka kushindwa? Inawezekana, wala huhitaji wakili mbovu. Kaa tu. Sheria ya jimbo humpa aliyejeruhiwa miaka 2 kufungua kesi. Ikipita, mdaiwa atasema muda umekwisha, na hakimu hatauliza tena nani alikuwa na kosa.

Ili kungoja kusikuchoshe, zungumza na kampuni ya bima. Wataomba risiti za hospitali, wataahidi kupiga simu wiki ijayo, nawe utaamini mambo yanakwenda. Kwa kawaida mazungumzo hayo hayasimamishi muda hata siku moja. Hapa waungwana huumia kuliko wagomvi. Mtu aliyelelewa kwamba subira huvuta heri huona haya kukimbilia mahakamani ilhali mwenzake ameshaahidi kulipa, na hiyo haya yake ndiyo inayomnyima haki. Inaniuma, kwa sababu hakukosea adabu wala hesabu, hakuambiwa tu.

Kama aliyekugonga ni basi la jiji, njia ya kushindwa ni fupi zaidi. Kwa jeraha la mwili, dai dhidi ya jiji, kaunti, shule ya umma au jimbo lenyewe hupelekwa kwanza kwa maandishi kwenye ofisi husika, ndani ya miezi 6. Likikataliwa kwa barua, una miezi 6 mingine ya kwenda mahakamani, kwa hiyo anayetaka kushindwa aiache barua hiyo bila kuifungua. Hata mtoto, ambaye kwa dereva wa kawaida sheria humngoja atimize miaka 18, kwa serikali hangojwi hivyo. Nasema wazi kwamba huku ni kumpendelea mwenye ofisi, na anayelipia upendeleo huo ni majeruhi ambaye miezi 4 kati ya hiyo 6 yuko kitandani.

Kwenye mikopo, kopesha kwa mdomo. Mkataba wa maandishi una miaka 4, wa mdomo 2. Aliyetoka Kenya au Tanzania, ambako kesi ya mkataba ina miaka 6, ndiye hunaswa kirahisi, maana anadhani bado ana nafasi. Aliyechafuliwa jina ana mwaka 1 tu.

Upande wa jinai, muda humbana mwendesha mashtaka: mwaka 1 kwa makosa mengi madogo, miaka 3 kwa mengi makubwa, 6 kwa yale yenye kifungo cha miaka 8 au zaidi. Mauaji hayana ukomo. Joseph DeAngelo, aliyewahi kuwa polisi, alikamatwa mwaka 2018 baada ya DNA kumfichua, na mwaka 2020 alikiri mauaji 13. Lakini wanawake aliowabaka miaka ya 1970 hawakuweza kumwona akishtakiwa kwa ubakaji, kwa kuwa muda wa shtaka hilo ulikuwa umekwisha zamani. Kwa baadhi yao ilibidi litumike shtaka la utekaji. Sasa ubakaji uliofanywa kuanzia mwaka 2017 hauna ukomo. Wa zamani ambao muda wake ulikuwa umekwisha hauokoleki: mwaka 2003, katika kesi ya Stogner, Mahakama ya Juu ya Marekani iliizuia California kufufua shtaka la jinai ambalo muda wake ulikwisha.

Ukighairi kushindwa, andika leo tarehe ya tukio, kisha nenda kwenye kituo cha msaada cha mahakama ya kaunti yako. Kaunti zote 58 zinacho, na hakitozi kitu. Uliza kwanza kama unayemdai ni mtu binafsi au ofisi ya umma. Kwa majeraha, mawakili wengi hulipwa sehemu ya fidia pale tu inapopatikana, basi ukosefu wa pesa usikuzuie kumpigia mmoja wiki hii.